Naomba ushauri: ni mfumo endeshi upi wa chanzo huria unaofaa kompyuta za nyumbani na seva ndogo hapa Ujiji?

Mwenye steshenari, Ujiji

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Ujiji, na katika chumba cha mbele cha nyumba yetu mke wangu anaendesha steshenari ndogo ya kuchapa barua, kutoa nakala na kutengeneza kadi za michango ya harusi. Tuna kompyuta tatu, zote za mtumba. Ya kwanza ni ya mezani, ya zamani, yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 2, ambayo watoto huitumia. Ya pili ni kompyuta mpakato ya GB 4 inayofanya kazi zote za dukani. Ya tatu ni kompyuta mpakato ya GB 8 ambayo kioo chake kimepasuka, lakini ndani ni nzima na betri yake bado inakaa na chaji kwa muda wa saa mbili hivi.

Zote zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipatia masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna hata moja inayoweza kupokea Windows 11 kwa masharti yake, kwa kuwa hazina kile kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hiyo nimeamua kuhamia mfumo wa chanzo huria, yaani ule ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, na ile yenye kioo kilichopasuka ningependa iwe seva ya kuhifadhi kazi za wateja na kuwapa watoto vitabu na kamusi bila kutumia intaneti. Nasema bila intaneti kwa sababu tunategemea bando la simu, na umeme nao hukatika bila taarifa.

Naomba mnisaidie kuchagua. Je, nitumie mfumo mmoja kila mahali, au kila kompyuta iwe na wake? Mtunzaji wa kompyuta hizi ni mimi peke yangu, na mchana niko kazini.

Fundi wa Mwanga

Ndugu yangu, kabla sijataja jina lolote, naomba uichunguze ile kompyuta ya mezani. Fungua ukurasa wa Windows unaoonyesha maelezo ya kompyuta na usome mstari wote wa aina ya mfumo, maana sehemu moja inaeleza Windows iliyosakinishwa na nyingine inaeleza prosesa yenyewe. Nimepokea kompyuta nyingi zenye Windows ya biti 32 iliyosakinishwa juu ya prosesa ya biti 64, na wenyewe hawakujua. Jambo hili ni zito kwa sasa, kwa sababu Debian, mojawapo ya mifumo huria ya ukoo wa Linux, katika toleo lake la 13 lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32, hivyo inahitaji prosesa ya biti 64.

Kwa kompyuta ya dukani ninapendekeza Linux Mint, mfumo mwingine wa ukoo huo. Menyu iko chini kushoto kama mlivyozoea, LibreOffice, programu huria za ofisini zinazofanya kazi kama Microsoft Office, imo tayari, na mahitaji yake ya chini ni kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inayopendekezwa. Usifute chochote kwanza. Iwashe kutoka kwenye flashi, uitumie hivyo hivyo kwa nusu saa, uone kama sauti, waifai na hasa printa vinafanya kazi. Printa nyingi za HP hutambuliwa bila shida, kwa kuwa HP wenyewe hutoa programu huria ya kuziendesha, lakini baadhi ya printa za Canon za aina ya LBP zinadai programu ya ziada kutoka kwa mtengenezaji, na ni afadhali ulijue hilo kabla mteja hajasimama mbele yako.

Karani mstaafu, Kibirizi

Mimi si fundi, ila nimechapa nyaraka maisha yangu yote, na niliuhamia mfumo huria baada ya kustaafu. Naomba mwanangu amfikirie mke wake kabla ya kuifikiria seva, kwa sababu yeye ndiye atakayeketi mbele ya mfumo huo tangu asubuhi hadi jioni.

Shida haiko katika kuchapa. Iko katika barua iliyoandikwa kwenye Word ambayo mteja ameileta kwa flashi. Ikiwa imetumia Calibri na wewe huna Calibri, mistari inaweza kusogea, na barua ya ukurasa mmoja ikawa ya kurasa mbili. Hakikisha umesakinisha fonti za Carlito na Caladea, ambazo zimepimwa upana ule ule wa Calibri na Cambria, pamoja na Liberation, ambazo herufi zake zina upana sawa na za Times New Roman na Arial. Mteja anayetaka kuondoka na kazi yake kwenye flashi mpe PDF pamoja na faili lenyewe, ili hata akifungua kwingine aone ulichokiona wewe.

Kadi za michango mlizotengeneza kwa Publisher zitahitaji uvumilivu. LibreOffice Draw huzifungua, lakini mpangilio mara nyingi huvurugika, na mimi zangu niliamua kuzitengeneza upya moja baada ya moja. Ilinichukua wiki mbili, na sijutii.

Mwalimu wa Kasulu

Ningependa kuzungumzia seva, kwa sababu ninatunza moja iliyoundwa kwa kompyuta mpakato, kama unavyotaka kufanya. Wazo lako ni zuri kuliko unavyodhani: betri ile ya saa mbili ni akiba ya umeme ambayo wenye kompyuta za mezani hulazimika kuinunua. Kumbuka tu kuuelekeza mfumo usilale kifuniko kinapofungwa. Katika faili la /etc/systemd/logind.conf, weka HandleLidSwitch=ignore.

Kuhusu mfumo wenyewe, kigezo changu ni muda ambao toleo moja litaendelea kupokea masasisho ya usalama, na kiasi cha kazi utakachokifanya katikati. Fedora ni mfumo mzuri sana, lakini kila toleo lake hutunzwa kwa takriban miezi 13, na kwa mtu wa bando hiyo ina maana ya kupakua karibu mfumo mzima kila mwaka. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka 2, nalo hutunzwa kwa miaka 5. (Jina hilo lilinivutia tangu mwanzo, kwani ni ndugu wa neno letu “utu”.) Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hulitunza toleo kwa miaka 3 kikamilifu, kisha miaka 2 zaidi chini ya mpango wa muda mrefu. Nimechagua Debian kwa sababu unaweza kuisakinisha bila mandhari ya picha kabisa, yaani bila madirisha na menyu, ukiiendesha kwa amri za kuandika, na hivyo kumbukumbu yote inabaki kwa ajili ya kazi.

Kwa watoto, sakinisha Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia na vitabu bila intaneti, kwenye seva. Wikipedia ya Kiswahili ni faili dogo; ile ya Kiingereza yenye picha zote huzidi GB 100, lakini yapo mafaili madogo yaliyochaguliwa kwa mada. Kompyuta zote za nyumbani, na hata simu, zitasoma kupitia kivinjari kwa rauta yako bila kugusa bando. Kazi za wateja ziweke kupitia Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za nyumbani kushirikiana mafaili yaliyo kwenye seva.

Umeme uliwahi kukatika kwangu katikati ya masasisho, wakati betri ikiwa imechoka. Mfumo uliwaka, lakini programu kadhaa zilikuwa zimebaki nusu. Niliandika dpkg --configure -a, amri ya kumalizia usakinishaji uliokatizwa, nikasubiri, na kila kitu kikakaa sawa. Tangu siku hiyo sisasishi kabla ya kuhakikisha chaji imejaa.

Kijana wa Tabora

Shikamooni, wakubwa zangu. Naomba niulize kwa heshima kwa nini hakuna aliyeitaja FreeBSD. Nayo ni ya chanzo huria, ilianza mwaka 1993, na inakuja na ZFS, mfumo wa mafaili unaohakiki kila kipande cha data kinaposomwa na unaoweza kukuhifadhia picha ya hali ya diski kwa sekunde chache. Mtu akifuta kazi ya mteja kwa bahati mbaya, unairudisha. Kwa seva inayotunza kazi za watu, mimi naona hilo ni jambo la kwanza kutazamwa.

Mwalimu wa Kasulu

Marahaba, mwanangu, na umesema kweli kuhusu ZFS. Hata hivyo, ndugu yetu ana diski moja tu ndani ya kompyuta hiyo. Kwa hali ya kawaida, ZFS kwenye diski moja itagundua kwamba faili limeharibika, lakini haitakuwa na nakala nyingine ya kulirekebishia. Usalama wake utatoka kwenye diski ya nje anayoichomeka kila jioni, mfumo wowote atakaouchagua. Tena FreeBSD kwenye kompyuta mpakato huwa na uhaba wa programu za kuendeshea baadhi ya kadi za waifai, na amri zake zinatofautiana na za Linux vya kutosha kumchosha mtunzaji mmoja mwenye kazi nyingine mchana. Angekuwa na diski mbili na muda wa kujifunza, ningekuunga mkono.

Mwenye steshenari, Ujiji

Nawashukuru wote, na shikamoo, mama wa Kibirizi. Mke wangu amesoma maneno yako mara mbili. Nimeichunguza ile ya mezani: Windows ni ya biti 32, lakini prosesa ni ya biti 64, kama fundi alivyoeleza. Printa yetu ni ya HP.

Bado jambo moja linanisumbua. Nikiweka Mint kwenye kompyuta mbili na Debian kwenye seva, je, nitalipia masasisho mara tatu kwa bando?

Fundi wa Mwanga

Umeuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza, nami nabadilisha ushauri wangu kwa sababu yake. Mint ya kawaida imejengwa juu ya Ubuntu, hivyo vifurushi vyake vingi, yaani mafaili ya programu na masasisho yake, si vile vya Debian. Lakini watu wa Mint hutoa pia LMDE, yenye sura ile ile ya Mint lakini iliyojengwa moja kwa moja juu ya Debian, na LMDE 7 imesimama juu ya Debian 13. Ukiweka LMDE 7 dukani na Debian 13 kwenye seva, zote zitakuwa za ukoo mmoja.

Kisha sakinisha programu iitwayo apt-cacher-ng kwenye seva, na uzielekeze kompyuta zote zipitie hapo. Kifurushi kikishapakuliwa na mmoja, seva hukitunza, na mwingine akikihitaji hukipata ndani ya nyumba. Kompyuta ya watoto, kwa GB 2 zake, iwekee Debian 13 yenye mandhari nyepesi ya Xfce, na ukipata diski ndogo ya SSD ya mtumba iliyo nzima, ifungie hiyo kabla ya kufikiria kuongeza kumbukumbu.

Mafaili ya kusakinishia usiyapakue kwa bando lako. LMDE inakaribia GB 3, na kisakinishi kidogo cha Debian hakifiki GB 1. Njoo na flashi mbili hapa Mwanga, ninazo zote, na tutahakiki SHA256, yaani namba ya utambulisho wa faili, pamoja ili uwe na uhakika kwamba faili halijaharibika.

Mwenye steshenari, Ujiji

Nitakuja Jumamosi mchana, baada ya kufunga duka. Nitaanza na seva, kisha kompyuta ya watoto. Ya dukani itakuwa ya mwisho, baada ya mke wangu kuitumia LMDE kutoka kwenye flashi kwa siku kadhaa na kuridhika nayo.

Karani mstaafu, Kibirizi

Marahaba, mwanangu. Kabla hujaifuta ya dukani, nakili kazi zote kwenye diski ya nje, kisha uifungue diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na usome angalau barua tano mwanzo hadi mwisho. Kuona majina ya mafaili tu hakutoshi.