Nosferatu, Lugosi au Christopher Lee: ninunue ipi?

Kitasa: Wakuu, salaam. Shemeji anarudi mwisho wa mwezi, kaniahidi diski moja ya filamu za kale za vampaya. Zimebaki tatu: Nosferatu (1922), Dracula ya Bela Lugosi (1931), Dracula ya Christopher Lee (1958). Nichukue ipi?

Mzee_wa_Reli: Anarudi kutoka wapi? Deki yako ni DVD au Blu-ray? Blu-ray hufungiwa eneo la dunia, linaitwa kanda: nyingi za Marekani ni kanda A, Afrika tuko B pamoja na Ulaya. Italetwa halafu igome.

Binti_Pangani: Lee, hakuna mjadala. Rangi, damu nyekundu, meno nje. Lugosi filamu nzima haonyeshi hata jino!

Mzee_wa_Reli: Dada, huyo Lee akishamkaribisha mgeni ngomeni hasemi tena mpaka anakufa. Lugosi sauti tu inatosha.

Chumvi_Kidogo: Niwaonye kuhusu Nosferatu. Nilinunua nakala ya bei poa kwa muuzaji mmoja mjini. Nyeusi na nyeupe tupu, watu wanakimbiakimbia kama wamekanyaga moto, kinanda kimebandikwa hakiendani na chochote. Kibaya zaidi, Orlok, vampaya mwenyewe, anabeba jeneza lake mtaani mchana kweupe! Nikajiuliza, si huyuhuyu jua linamuua mwishoni? Kumbe mwongozaji wake, Murnau, alipiga mchana, kisha filamu ikatiwa buluu ili uone ni usiku. Ukiitoa buluu, hadithi haina kichwa wala miguu. Kasi nayo: ilipigwa chini ya fremu (picha) 24 kwa sekunde, wao wanaicheza kwa 24. Nikairudisha, jamaa ananijibu eti filamu bubu ndivyo zilivyo. Yaani mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa kitabu cha Dracula, alishitaki kwamba hadithi imeigwa bila ruhusa, mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe, zikanusurika, leo anaziua muuza diski. Tafuta iliyokarabatiwa, yenye rangi zake.

Binti_Pangani: Hilo la jua kuua Murnau kalileta yeye. Kwenye kitabu Dracula anatembea London mchana.

Ngwena: Mumiani wa bibi yangu naye hakungoja usiku. Enzi za mkoloni, Nairobi na Kampala watu walikimbia gari la zimamoto wakiamini linakamata watu wakanyonywe damu.

Binti_Pangani: Sisi tuliambiwa wanakutundika kichwa chini.

Ngwena: Na ndoo chini yako 😅

Mzee_wa_Reli: Turudi kwenye mada jamani. Mmeisahau Dracula ya Kihispania, 1931 hiyohiyo. Studio ya Universal walimpiga Lugosi mchana, usiku kundi lingine linaingia jukwaa lilelile na waigizaji Carlos Villarías na Lupita Tovar. Ni ndefu karibu nusu saa zaidi, na kamera yao inatembea, siyo ile iliyoganda ya Browning, mwongozaji wa Lugosi. Diski nyingi za Lugosi zinayo ndani. Mbili kwa bei ya moja.

Chumvi_Kidogo: Villarías anatoa macho kupita kiasi, mimi nilicheka.

Kitasa: Shemeji yuko Houston. Deki imeandikwa Blu-ray tu, kanda siijui. Ila Ngwena, hayo ya zimamoto kuna filamu yake?

Mzee_wa_Reli: Houston! Geuza deki usome kibandiko cha nyuma, utuambie ni herufi gani. Kabla ya hapo asinunue kitu.

Binti_Pangani: Ikiwa B, mwambie apitie London anunue ya Lee.