Triumph ya marehemu babu: kadi inasema 1974, ami anasema 1974, injini inasema jengine

MwanaWete
Asalaam alaykum ndugu zangu. Tulikuwa tunasafisha stoo ya karafuu ya marehemu babu hapa Wete, nyuma ya magunia tukaikuta pikipiki yake, Triumph TR6 ya cc 650. Imeliwa na kutu lakini imekamilika. Nataka kuifufua, na kabla sijaagiza kipuri hata kimoja lazima nijue ni ya mwaka gani. Kadi imeandikwa 1974. Ami yangu naye ameshikilia hiyo hiyo 1974, anasema aliiona kwa macho yake siku inaingia nyumbani. Lakini kwenye injini pamegongwa herufi ND, halafu tarakimu, halafu TR6. Kijana mmoja kaniambia niangalie tairi. Nishike lipi: kadi, injini au hivi vifaa vilivyofungwa juu yake?

Vespa_Mlandege
Waalaykum salaam. Kadi iweke pembeni kwanza. Mara nyingi mwaka wa kwenye kadi ni ule chombo kilipoandikishwa, na pikipiki inaweza kukaa dukani, au kwa mtu mwengine, miaka kadhaa kabla haijafika kwako. Tairi ndiyo usipoteze muda nayo kabisa. Zile tarakimu nne za mwisho zitakwambia wiki na mwaka wa tairi lenyewe, na mtindo huo umeanza 2000. Ukikuta 0811 umejua kwamba babu alibadilisha tairi baada ya Februari 2011, basi.

Mimi ni mtu wa Vespa, sisi tunaanzia chesisi. Super 150 ina VBC1T kwenye bodi na VBC1M kwenye injini, kwa hiyo ukikuta herufi za mbele ni nyengine unajua injini imehamishwa. Tabu yake ni kwamba VBC1T zilitengenezwa tangu 1965 mpaka 1979. Herufi peke yake hazikupi mwaka, mpaka ulinganishe na tarakimu zinazofuata.

FundiChake
Mwana wa Wete, wewe una bahati kuliko huyo wa Vespa. Triumph na BSA tangu msimu wa 1969 waligonga mwezi na mwaka pale pale kwenye namba. Herufi ya kwanza ni mwezi: A Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei, G Juni, H Julai, J Agosti, K Septemba, N Oktoba, P Novemba, X Disemba. Angalia F, I, L, M na O wameziruka, usije ukahesabu kwa vidole ukaharibikiwa. Herufi ya pili ni msimu: C ni 1969, D ni 1970, E ni 1971, G ni 1972, vivyo hivyo kwa mpangilio ule ule.

ND yako basi ni Oktoba, msimu wa 1970. Sasa hapa ndipo watu wanapokosea. Kiwandani kwa Triumph, Meriden kule Uingereza, msimu mpya ulikuwa ukianza baada ya mapumziko ya Agosti. Oktoba ya msimu wa 1970 ni Oktoba 1969. Ukiulizwa imeundwa lini, 1969. Ukiagiza vipuri, sema modeli ya 1970, la sivyo utaletewa visivyoingia.

Karafuu77
Fundi, lakini injini si inabadilishwa? Mimi nina Honda C50, injini hii ni ya tatu. Na namba yake haina herufi za mwezi wala nini.

FundiChake
Inabadilishwa, ndiyo maana injini peke yake haitoshi. Kwa Triumph namba ya injini na ya fremu zilitoka kiwandani zikiwa sawa. Ya injini ipo kushoto, chini ya silinda. Ya fremu ipo kushoto vile vile, kwenye shingo karibu na usukani. Zikikubaliana, umemaliza kesi.

Nakuomba usitumie grenda wala msasa! Namba ikishalika hairudi. Paka mafuta ya taa, iache ilale, asubuhi sugua na mswaki mkuukuu. Halafu pakaza poda ya mtoto, ifute kwa kidole: inabaki ndani ya michoro tu. Itazame alasiri jua likiwa limelala.

Na kama fremu haisomeki, tafuta tangi la oili. Kuanzia modeli ya 1971 hizi cc 650 oili inakaa ndani ya bomba la fremu. Ukiona tangi lake peke yake chini ya siti, ni ya kabla ya hapo.

Vespa_Mlandege
Na vifaa vya umeme vya Lucas usividharau. Swichi na taa mara nyingi vimegongwa mwezi na mwaka. Kabureta pia: Amal Concentric ilianza 1967, kabla yake ilikuwa Monobloc. Havitoi hukumu, ila ni mashahidi wazuri. Swichi ya 1972 haimaanishi chombo cha 1972, ila swichi tano za 1969 si bahati mbaya.

MwanaWete
Nimerudi. Tangi la oili lipo, upande wa kulia chini ya siti, na kabureta ni Concentric. Namba ya fremu ilikuwa chini ya rangi ya buluu ya milango, nafikiri babu aliipaka kwa brashi. Poda imefanya kazi: N imetoka wazi, D nusu, tarakimu zote sawasawa na za injini. Nyuma ya namba ya injini kuna nembo ndogo ndogo za Triumph zimejaa, na hazijakwaruzwa, yaani namba haijafutwa ikagongwa upya.

Ami nimempelekea. Katazama muda mrefu, kisha kasema: "Kumbe mzee alituambia mpya."

Karafuu77
😂 Muulize kama bei aliyotaja nayo ilikuwa ya mpya.

FundiChake
Rangi ya buluu usiitoe yote. Nitakuja Wete Jumamosi, tufungue kabureta kwanza kabla hujamwaga petroli.