Tupeane uzoefu: Ulijifunza vipi kazi ya maabara ya hospitali?

Kifungua Mimba wa Njoro
Hamjambo ndugu zangu. Mdogo wangu amepata nafasi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kusomea diploma ya sayansi ya maabara, miaka mitatu. Kwetu hakuna aliyewahi kuifanya kazi hii, na wazee wanauliza kwa nini asiende uuguzi, kazi ambayo mtu huonekana akiifanya. Mambo ya karo na alama tumeshayasoma kwenye barua. Nataka yale ambayo barua haisemi. Mliosomea Nakuru, Kisumu na Magharibi, mkono na jicho lenu vilizoea vipi? Wapi mlitaka kuacha?

Nyar Nyalenda
Karibu, na umpe hongera. Mimi nilisomea Kisumu, kwa hiyo malaria ndiyo iliyonifundisha kazi.

Mwanzoni unaambiwa utafute vimelea, na wewe unaona vitone vya zambarau vimejaa kila mahali. Rangi iliyoganda, uchafu wa slaidi, chembe za kugandisha damu zilizokalia chembe nyekundu, vyote vinakudanganya. Mwalimu wetu alikataa kabisa kutuonyesha kwa kidole. Alisema tafuteni vitu viwili pamoja, nukta nyekundu na uzi wa buluu, na kama kimoja hakipo, pita. Wenzangu wengine walilia. Lakini jicho lilikuja, na likishakuja halirudi nyuma.

Mwambie mdogo wako aheshimu doa nene, yaani tone la damu lisilotandazwa kuwa jembamba kwenye slaidi. Halitiwi methanoli, ile alkoholi ya kugandisha chembe kwenye kioo. Chembe nyekundu zinatakiwa zipasuke kwenye maji ya rangi ya Giemsa ili vimelea vibaki wazi, na ukiligandisha huoni kitu. Doa jembamba ndilo linalogandishwa kwa methanoli, kwa sababu pale unataka kumwona kimelea akiwa ndani ya chembe ujue ni wa aina gani. Madoa yote mawili hukaa kwenye slaidi moja, kwa hiyo unaishika ikiwa imeinama, maana hata mvuke wa methanoli ukifikia doa nene umeliharibu.

Tena huandiki kwamba hakuna vimelea mpaka umepitia maeneo 100 ya doa nene kwa lenzi ya mafuta, eneo moja ni kile unachokiona kwa hadubini bila kusogeza slaidi. Ukivipata, unavihesabu sambamba na chembe nyeupe hadi zifike 200, kisha unapiga hesabu ukichukulia chembe nyeupe ni 8,000 kwa kila maikrolita ya damu. Sasa fikiria foleni imefika nje, mtoto anawaka homa mgongoni mwa mamake, na wewe uko eneo la sitini hujaona kitu. Kuendelea mpaka mia kwa utulivu uleule, hicho ndicho kilichonichukua muda mrefu kuliko chochote kilichokuwa kwenye daftari.

Kijana wa Bahati
Nyar Nyalenda amesema kweli, ila mimi wa Nakuru nilikuwa na shida kinyume chake. Huku tuko juu, kama mita 1,850 hivi, na malaria si nyingi. Slaidi zenye vimelea tulizoziona nyingi zilikuwa zile za kufundishia, zimepauka kwa kutazamwa na kila darasa. Tulichokishika sana ni makohozi. Unapaka, unakausha, unamwaga rangi nyekundu, unapasha moto mpaka mvuke upande bila kuchemka, unaosha kwa asidi na alkoholi, halafu unamalizia na buluu. Kila kitu kinageuka buluu isipokuwa vijiti vya TB, hivyo vinang'ang'ania wekundu wao. Mara ya kwanza kukiona kijiti kimoja chekundu katikati ya buluu yote ile, nilisimama nikaita darasa zima.

Nilipopelekwa Siaya kwa mafunzo ya vitendo ndipo nikaona slaidi moja ya mtoto ina vimelea vingi kuliko vyote nilivyoviona chuoni. Kwa maoni yangu mwanafunzi wa Nakuru aombe apelekwe upande wa ziwa hata kama ni mbali, na wa Kisumu aje huku. Kodi ya chumba kule itauma kwa sababu mafunzo hayo hayalipwi, hilo mlipange nyumbani mapema.

Khukhu's Favourite, Webuye
Mimi nitasema juu ya kutoa damu tu. Kule vijijini kuna wanaoamini tunaiuza. Ukimwendea mama mzee na sindano mkononi kabla ya salamu, umeshamkosa. Kaa chini, msalimie, muulize ametoka wapi, mwonyeshe chupa ilivyo ndogo. Halafu mshipa unapapaswa kwa kidole, usiutafute kwa macho. Na ile chupa ya kifuniko cha zambarau igeuzwe taratibu mara nane au kumi mara tu inapotoka mkononi. Ukiichelewesha damu inaganda, na itabidi urudi kumchoma yuleyule bibi uliyemwahidi ni mara moja.

Zamu ya Usiku, Kakamega
Hao wazee wanaosema kazi haionekani, waelezeni hivi. Usiku mmoja nikiwa mwanafunzi, mama aliyetoka kujifungua alikuwa anavuja damu. Mkunga alikuja anakimbia na chupa bado ina joto. Msimamizi wangu akaweka kigae cheupe mezani, matone ya dawa ya kupimia: ya buluu kwa kundi A, ya manjano kwa kundi B, na yasiyo na rangi kwa Rhesus, inayoonyesha kama kundi ni chanya au hasi. Akaniambia, changanya wewe, nikuangalie. Tone la manjano likakatikakatika vipande vidogo vyekundu, la buluu likabaki laini. B. Lile la tatu nalo likakatika, B chanya. Bado tukaichanganya damu yake na ile ya kwenye friji kuona kama zinapatana, kabla hiyo ya friji haijatoka, kwa sababu kujua kundi peke yake hakutoshi. Mama yule aliamka asubuhi. Hakutujua, na hakuwa na haja ya kutujua, lakini mimi sikuwahi tena kuwaza kuhamia kozi nyingine.

Msomaji wa Busia
Kwa wengine wanaosoma hapa ambao hawajapata chuo. Mimi nilianza katika chuo kimoja cha binafsi, jina naliacha. Tulilipa karo ya mwaka mzima ndipo tukajua kozi haijaidhinishwa. Bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB, iliundwa kwa sheria ya 1999, na bila usajili wake huwezi kufanya kazi hii Kenya hata ukiwa na cheti cha dhahabu. Leseni yenyewe huhuishwa kila mwaka. Kabla ya kulipa shilingi yoyote, hakikisheni kwa Bodi kama chuo kimo kwenye orodha. Wazazi wetu waliuza ng'ombe kwa ajili ya ile karo na hakuna aliyewarudishia.

Kifungua Mimba wa Njoro
Poleni sana, Busia. Nyote nawashukuru, nimemsomea mdogo wangu amekaa kimya anasikiliza. Mama anauliza jambo moja, anaogopa mtoto atachomwa na sindano ya mgonjwa.

Nyar Nyalenda
Mama ana haki ya kuuliza. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, inakwenda moja kwa moja kwenye sanduku lake, na sanduku hufungwa likifika robo tatu. Akichomwa, aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, aripoti papo hapo bila kuona haya. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, na hunywewa siku 28. Chanjo ya homa ya ini aina ya B aianze sasa hivi akiwa nyumbani. Ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu ikifika miezi sita. Asingoje mpaka apangiwe wodi.