Mwenyekiti wa mtaa asigonge muhuri kwenye mkopo wa kausha damu. Mnasemaje?

Ndugu zangu, habari za leo. Naleta hoja moja tu, na naomba tuijadili bila matusi.

Nasema hivi: mwenyekiti wa serikali ya mtaa asiruhusiwe kugonga muhuri kwenye fomu ya mkopo kama mkopeshaji hajaonyesha leseni ya Benki Kuu na kama riba haijaandikwa wazi, asilimia ngapi kwa mwezi. Kikikosekana kimojawapo, muhuri ubaki kwenye droo.

Najua wengi wenu mnataka mikopo ya kausha damu, hii ya haraka yenye riba kubwa, ifutwe kabisa. Wengine mnasema mtu mzima akikopa alipe, asitusumbue. Mimi nimekopa, nimelipa, na kwa hali tuliyopitia nyumbani siwezi kukubaliana na upande wowote kati ya hizo mbili. Nitaeleza kwa nini.

Nauza chakula Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Asubuhi supu na chapati, mchana wali. Mume wangu ni fundi ujenzi. Saiti ikiwepo tunakula vizuri, ikisimama tunategemea sufuria zangu. Watoto watatu. Novemba 2023 saiti ilisimama, na wiki hiyo hiyo mtoto wetu wa pili akalazwa siku nne. Mtaji wote ukaishia kwenye dawa. Nilitoka hospitali Ijumaa sina hata hela ya unga wa ngano.

Jirani akanionyesha ofisi ya chumba kimoja. Unaomba leo, kesho unapewa. Nilichukua 300,000. Wakakata 10,000 ya fomu na 15,000 waliyoiita bima ya mkopo, nikaondoka na 275,000 mkononi. Rejesho 13,000 kila siku kwa siku thelathini. Pigeni wenyewe: 390,000. Yaani ndani ya mwezi mmoja nimelipa 115,000 juu ya kile nilichokishika.

Kikomo cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ambalo ndilo lenye kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 ni 10,500. Mimi nilitozwa asilimia 30 hata kabla ya hizo fomu na bima. Tena kuna jambo ambalo sikuliona mpaka baadaye sana: kila siku nalipa, deni linapungua, lakini riba imehesabiwa kwenye 300,000 nzima kana kwamba pesa yao yote iko kwangu hadi siku ya mwisho. Ikifika siku ya kumi na tano, nusu ya pesa yao wameshaizungusha kwa mtu mwingine, na mimi bado naitolea riba.

Asiyewahi kupitia hajui rejesho la kila siku likoje. Saa nne asubuhi, wateja wa supu wanamalizia, kijana anaegesha pikipiki mbele ya meza yangu na kukaa kwenye benchi la wateja. Hasalimii kwa sauti. Anafungua kaunta buku kwenye ukurasa wenye jina langu, analaza kalamu katikati ya ukurasa, anasubiri. Wateja wanajua ni nani. Nikiwa na 9,000 anasema, "Mama, nitarudi saa nane." Saa nane anarudi. Siku ya kawaida faida yangu ilikuwa kati ya 12,000 na 15,000. Kwa hiyo faida yote ni yake, na mvua ikinyesha analipwa kutoka kwenye mtaji. Nilianza kupunguza nyama kwenye supu. Wateja wakaanza kupungua na wao.

Desemba nikaingia kwenye mkopo wa kikundi ili nifunge ule wa kila siku. Januari nikarudi kwenye ule wa kila siku ili nipate marejesho ya kikundi. Katikati hapo nikakopa kwenye simu, mara mbili. Kopa huku lipa kule. Mume wangu hakujua lolote, alidhani biashara imekuwa ngumu tu.

Alijua Februari. Niliumwa sikwenda kazini, kijana akatufuata nyumbani saa moja jioni. Mume wangu alikuwa nje anaosha vifaa vyake vya kazi. Kijana alipoondoka akaniuliza, "Ni hilo tu?" Nikamwambia ndiyo. Nilidanganya. Saa saba usiku nikamwamsha nikamwambia yaliyobaki.

Kesho yake tulichukua daftari la hesabu la mtoto tukaandika kwa nyuma. Mkopo wa kila siku, zimebaki siku kumi na nne, 182,000. Kikundi, marejesho manne ya 60,000, jumla 240,000. Simu 87,000. Dukani 46,500. Kodi ya miezi miwili 100,000. Wifi yangu 150,000. Jumla 805,500. Nilitazama ile namba nikahisi baridi, lakini niwaambie kweli, usiku ule nililala. Kwa miezi mitatu nilikuwa naishi na madeni ambayo sikuwahi kuyajumlisha.

Kutoka kwenye madeni hayo hakukuwa na maajabu. TV tuliiuza 180,000, tukaongeza elfu mbili, tukafunga mkopo wa kila siku siku hiyo hiyo. Niliomba wanipunguzie kwa kuwa nalipa mapema. Wakakataa. Nikalipa riba ya siku kumi na nne ambazo hazijafika! Lakini asubuhi iliyofuata saa nne ilipita na benchi langu lilikuwa na wateja tu. Kutoka kwenye ile 13,000 iliyobaki mezani, 9,000 ikaenda kikundi kila siku na inayozidi ikarudi kununua nyama. Wiki nne kikundi kikaisha. Wifi tulimwomba asubiri mwisho, akakubali, Mungu ambariki.

Nyumbani tukapanga makopo matatu ya maziwa ya unga juu ya kabati. La mtaji, la kodi, la shule. Shule za serikali hazina ada, lakini sare, madaftari na michango vipo. Jioni kabla ya kula mume wangu anahesabu yeye, mimi naandika. Kopo la mtaji haliguswi hata kwa mgonjwa. Tulibishana sana juu ya hilo, mpaka tukaweka kopo la nne, la dharura, 500 kwa siku. Septemba 2024 tulimlipa wifi shilingi ya mwisho.

Sasa muhuri. Ile fomu ya mkopo wa kwanza ilikuwa na sehemu ya mwenyekiti wa mtaa. Bila muhuri hupewi pesa. Nilikwenda ofisini, nikatoa 5,000 ya muhuri, fomu ikagongwa bila kusomwa. Hakuna aliyeniuliza hawa wana leseni, hakuna aliyeuliza 13,000 mara thelathini ni ngapi. Na muhuri ule ndio uliotumika kunitisha baadaye: "Serikali yako ya mtaa inakujua." Mkopeshaji anayevunja sheria anatembea na nguvu ya serikali mfukoni, na nguvu hiyo ameinunua kwa elfu tano yangu mimi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018. Inasema huwezi kufanya biashara ya kukopesha bila leseni, na hata vikundi vyetu vya kuweka na kukopa kama VICOBA, ambavyo ni daraja la nne, vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na leseni. Vizuri. Lakini Benki Kuu haiko kwenye mtaa wangu. Aliyeko ni mwenyekiti. Orodha ya wenye leseni iko wazi, anaweza kuitazama kwenye simu kabla hajafungua kidau cha wino.

Karibuni.

*

Nimerudi baada ya siku mbili. Nimesoma michango yote, ahsanteni. Nijibu ile iliyonikaa moyoni.

Kaka wa Mwanza, uliyesema uliwahi kuwa afisa mikopo. Umeandika kwamba asilimia 3.5 haimlipi mtu anayekopesha 100,000 kwa mama asiye na dhamana, kwa sababu mafuta ya pikipiki ya kumfuata ni yale yale kwa mkopo wa laki na wa milioni tano. Nimeifikiria sana hoja yako. Ni kweli gharama ni kubwa kwenye mkopo mdogo. Lakini kaka, gharama hiyo inatokana na marejesho ya kila siku, na wanaotaka yawe ya kila siku ni nyinyi. Mtu wa mshahara anakatwa mara moja kwa mwezi, mtu wa meza anafuatwa mara thelathini, halafu anaambiwa wewe ni ghali. Kama kikomo hakiwatoshi, semeni hadharani, pelekeni hesabu zenu Benki Kuu kibishaniwe. Kuandika asilimia 3.5 kwenye makaratasi ya leseni na kukusanya 30 benchini kwangu hakuna jina jingine zaidi ya wizi.

Dada wa Nairobi umetukumbusha Kenya iliweka kikomo cha riba za benki 2016, kikaondolewa Novemba 2019, na katikati hapo benki ziliwaacha wakopaji wadogo wakakimbilia mikopo ya simu. Nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo maana sisemi wafungiwe wote kesho asubuhi. Wakifungiwa wote, yule mama aliyetoka hospitali Ijumaa atakwenda kwa mtu anayekopesha gizani, na huyo hana hata kaunta buku. Ninachotaka ni kimoja: bei isemwe kabla ya pesa kutoka, na asemaye awe na jina linalojulikana. Mimi kama ningesomewa "unapokea 275,000, utalipa 390,000", pengine bado ningekopa, maana hali ilikuwa mbaya. Lakini Januari nisingerudia.

Mlionielekeza kwenye mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ahsanteni. Haina riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ila kumbukeni ilisimamishwa 2023 na ikarudi 2024, yaani mwezi nilipohitaji haikuwepo. Na hata ikiwepo, inataka kikundi, katiba, akaunti, na kusubiri. Ni mkopo wa kukuza biashara. Wa mtoto aliyelazwa usiku siyo.

Halafu kuna mchango uliopendwa kuliko yote, wa kaka anayesema mzizi ni wanawake kukopa kwa siri, na kwamba fomu isipokelewe bila saini ya mume. Hapa nitakaa kidogo.

Siri ilituumiza, sibishi. Kila wiki niliyonyamaza ilituongezea gharama. Na najua Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini kwenye fomu za kausha damu tunaandikisha TV, friji, kitanda, magodoro, na hakuna anayeuliza vya nani. Hapo kweli mwenzako anapaswa kujua, awe mume awe mke. Wanaume wangapi wameandikisha makochi yaliyonunuliwa na mke?

Ila saini ya mume kama sharti la mwanamke kupata mtaji siikubali. Kwenye kikundi chetu tulikuwa watano. Mmoja aliachwa na watoto wanne, mume yuko machimboni, hapokei simu. Mwingine akionekana na elfu hamsini inachukuliwa usiku huo huo. Tulikutana kila Jumanne chini ya mwembe, na mmoja akikosa hatuondoki mpaka itimie. Siku moja tulikaa mpaka saa kumi na mbili jioni, watoto wachanga wanalia, yule mwenye wanne amejifunika kanga usoni. Mwenye mume na asiye na mume tulikaa pale sawa. Saini ingemsaidia nani hapo? Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma ile karatasi kabla hatujaingia, na ambaye sheria inamlazimu kuisoma.

Mmeniuliza pia mwenyekiti atapata wapi mamlaka ya kukataa, na kama hatageuza ukaguzi kuwa mradi wake mpya, elfu tano iwe elfu kumi. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana nataka liwe agizo la halmashauri, liandikwe, libandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa pamoja na maneno "muhuri ni bure", na jina la kila mkopeshaji aliyekaguliwa liwekwe hapo hapo. Wenyeviti tumewachagua upya Novemba 2024, mkutano wa mtaa ni haki yetu kuhudhuria na kuuliza. Kwetu nimeshaomba liwekwe kwenye ajenda. Mtendaji wa mtaa amenijibu kwamba nilete kwa maandishi, nami nimeshaandika ukurasa mmoja na nusu, mume wangu ameusoma akanirekebisha hesabu sehemu mbili.

Kabla sijaupeleka nataka kujua kwenu hali ikoje. Mtaani kwako muhuri wa mkopo unagongwaje, unalipia kiasi gani, na je, umewahi kuona fomu ikirudishwa hata moja?