Mrejesho: maumivu ya mama baada ya kutolewa mfuko wa nyongo

Wakuu, niliwauliza kuhusu mama: katolewa mfuko wa nyongo, lakini maumivu chini ya mbavu za kulia yakawa yanarudi, hasa usiku. Mliosisitiza tusiishie kwenye dawa za vidonda vya tumbo, Mungu awabariki sana. Baadaye macho yakawa ya njano, mkojo kama chai ya rangi. MRI ikaonyesha jiwe limekwama kwenye mrija wa nyongo, altrasaundi haikuliona. Wamelitoa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, bila kupasua. Sasa anakula na kulala vizuri. Mwenye dalili hizi akipata na homa ya kutetemeka, awahi hospitali siku hiyohiyo, huenda mirija imepata maambukizi.