Ziwa Chala kutokea Mombasa, watoto wanaweza kuogelea?

BintiMajengo:
Asalaam aleikum jamani, poleni na joto. Nauliza wale walofika Ziwa Chala huko Taveta. Mimi na dadangu na wanawe wawili wa sekondari tunataka kwenda likizo ya Agosti, bahari tunaiona kila siku sasa tunataka mlima na baridi kidogo. Nimeona picha za yale maji, samawati imekolea mpaka nikadhani mtu kaichezea picha kwa simu. Je twende na SGR ama basi, na yawezekana kwenda na kurudi siku moja? Na kubwa zaidi, mle ndani watu huogelea? Manake hawa vijana wamekulia Mtongwe, maji hawayaogopi hata kidogo na washaanza kuniuliza wabebe nguo za kuogelea.

KakaChangamwe:
Waleikum salaam dadangu. Pandeni SGR ya asubuhi pale Miritini, ile inayosimama njiani, mshuke Voi. Hapo mtafute boda ama tuktuk mpaka steji, matatu za Taveta ziko. Barabara siku hizi ni lami, Mwatate, Bura, Maktau, halafu mnakata katikati ya Tsavo West, sasa hapo kaa dirishani na simu usiishike, tizama nje, ndovu wa Tsavo wamejipaka ule udongo mwekundu utawaona bila kulipa kiingilio cha mbuga.

Siku moja kwenda na kurudi mimi nakataa kabisa. Mtafika Taveta mchana mmechoka na Kilimanjaro ushajifunika mawingu, mtaona ziwa bila mlima, na uzuri wote wa pale ni hivyo viwili pamoja. Laleni Taveta mjini, gesti ziko, muamke alfajiri mchukue boda ama muelewane na mwenye probox, ziwa liko kaskazini ya mji kwa ile barabara ya kwenda Loitokitok, si mbali. Jua likianza kupiga theluji ya Kibo na nyinyi mko ukingoni, hapo mtasema nlikua nawaambia kweli.

MtavetaHalisi:
Karibuni kwetu dada. Hilo la kuogelea nakuomba kama nduguyo, nguo hizo ziacheni Mtongwe. Mwaka 2002 msichana wa Kiingereza aliuawa na mamba akiogelea mle mle Chala. Utakutana na mtu pale juu atakuapia mamba waliisha zamani, wewe msikilize kwa adabu lakini mtoto asiingie.

Na hata tuseme mamba hayupo. Chala haina ufuo. Ni shimo la volkano, kuta zimesimama kama mita 100 kuzunguka, ukishuka mpaka chini unakuta mawe meusi, majani, halafu maji, na maji yenyewe hayaongezeki pole pole kama pale Nyali, kina kinaanguka tu, katikati ni karibu mita 90. Kijana wa pwani amezoea chumvi imbebe, haya ni maji matamu hayambebi vile, anachoka haraka na hana pa kukanyaga. Hapo ndo hofu yangu ilipo zaidi ya mamba hata.

Kushuka kwa miguu shukeni, inafaa sana. Tafuteni kijana mwenyeji awaongoze muelewane bei mapema, njia ni mkato wa mbuzi, changarawe inateleza, pengine mnashika mizizi. Raba zenye meno, sio malapa! Mkifika chini nyamazeni kidogo mtaona samaki karibu na mawe, kuna tilapia mmoja asili yake ni ziwa hili peke yake duniani.

MwalimuJomvu:
Naongezea kidogo kwa hao wa sekondari manake wataipenda. Angalieni vizuri mtaona hakuna mto wa maana unaoingia mle wala unaotoka. Maji mengi yanapita chini kwa chini kutoka Kilimanjaro, mvua inanyesha kule kwenye msitu wa mlima, inazama ardhini, ndo inakuja kutokea Chala. Kwa hivyo ule msitu ukikatwa ziwa nalo litajua. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa tope la chini ya ziwa zaidi ya mita 200 na hilo tope limejipanga tabaka kwa tabaka kwa zaidi ya miaka laki mbili, wakawa wanasoma humo miaka ya ukame na ya mvua nyingi. Mimi nikiwa na darasa ningelipeleka pale kabla ya kulipeleka popote.

Halafu waambie mpaka unapita ndani ya maji, ng'ambo ile ni Tanzania.

BintiMajengo:
Ahsanteni sana, Mungu awaweke. Kuogelea tumefuta, dadangu nimemsomea hiyo ya 2002 akaninyang'anya simu asome mwenyewe. Sasa baridi je, tubebe masweta? na chakula?

MtavetaHalisi:
Masweta mengi ya nini dada, Taveta ni joto, tuko chini ya mlima sio juu yake. Agosti alfajiri kuna kibaridi, kila mtu na jaketi moja basi. Chakula mjini kipo tele, zile ndizi mnazonunua Kongowea nyingi zinatoka kwetu, kuleni mbichi za kupika na nyama hapa hapa zingali na utomvu. Ila ukingoni kule msitegemee duka, bebeni maji ya kunywa ya kutosha na kitu cha kutafuna, na takataka mrudi nazo tafadhali, chupa ikirushwa mle chini nani ataifuata.

Vijana wakililia boti, Ziwa Jipe liko upande wa pili wa mji, wavuvi wako na milima ya Upare iko mbele yenu, lakini kuna viboko kwa hivyo ni na mwenyeji tu. Na wakubwa msisahau vitambulisho, huku ni mpakani, mtasimamishwa.