Risasi iliyompata mama wa jirani: ni nani anayewachunguza polisi hapa Lubumbashi?

Mkaaji wa Kampemba
Ndugu zangu, naomba mwanga. Juma lililopita, majambazi wenye bunduki waliingia usiku katika nyumba moja ya avenyu yetu. Majirani walipiga masufuria na filimbi kama kawaida, na polisi wakafika, jambo lililotufurahisha. Katika majibizano ya risasi, mama mmoja anayeuza makala (makaa) alipigwa pajani akiwa ndani ya kiwanja chake. Polisi wanasema risasi hiyo ni ya majambazi, na shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) ameishauri familia iyaache yaishe. Je, kuna mtu aliye nje ya kikosi chenyewe anayeweza kuthibitisha risasi ilitoka upande gani?

Mwanasheria wa Kamalondo
Yupo, ingawa wengi hubisha mlango usio wake. Kifungu cha 156 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinawaweka polisi chini ya mahakama za kijeshi, sawa na wanajeshi, kwa hiyo malalamiko hupelekwa kwa oditora wa kijeshi, yaani mwendesha mashtaka wa jeshi, si kwa parke ya kiraia (ofisi ya waendesha mashtaka wa kawaida). Cheo cha mshtakiwa ndicho kinachoamua kesi isikilizwe wapi: aliye chini ya meja huenda mbele ya mahakama ya kijeshi ya garinizoni (kambi ya jeshi), na maofisa wakuu kuanzia meja huenda korti ya kijeshi, iliyo ngazi ya juu yake.

Lakini kesi hizi hufia kwenye ushahidi, hata kabla hazijafika kwa hakimu. Familia imwombe oditora amwandikie daktari rekizisyo (agizo rasmi la kumpima majeruhi), ili cheti kieleze mahali risasi ilipoingilia na njia iliyofuata mwilini. Maganda ya risasi yaliyobaki uani yapigwe picha kabla hayajaguswa. Kila bunduki huacha alama zake kwenye ganda na kwenye risasi, ila ulinganishaji hauna maana ikiwa silaha za doria ile zimekwisha kugawiwa askari wengine bila kuandikwa.

Mzee wa Katuba
Mwanangu, nakusoma kwa wasiwasi. Tumelalamika miaka mingi kwamba polisi hawaji. Leo wamekuja, nasi tunataka kuwapeleka mahakamani. Kesho tukipiga masufuria, nani atatoka? Mama huyo atibiwe kwanza, na Serikali ilipe.

Mwanasheria wa Kamalondo
Shikamoo, baba. Sheria ya polisi ya tarehe 11 Agosti 2011 haimkatazi askari kufyatua risasi. Inamtaka atumie nguvu pale tu panapokuwa na ulazima usioepukika, kwa kiasi kinacholingana na lengo. Aliyejibu mashambulizi ya majambazi ana utetezi wa kweli, na bila uchunguzi atabaki mtuhumiwa wa mtaa mzima. Tena, hayo malipo unayoyataka hayatoki bila faili: familia huomba fidia mbele ya mahakama hiyo hiyo ya kijeshi, na Serikali huitwa iwajibike kwa kosa la mtumishi wake.

Mkaaji wa Kampemba
Asante sana. Risasi bado imo mwilini na upasuaji umepangwa kesho. Daktari aingoje rekizisyo?

Mwanasheria wa Kamalondo
Asingoje hata saa moja. Akiitoa risasi, aifunge katika kifuko peke yake, aandike tarehe na jina lake juu yake, na asimkabidhi yeyote bila hati yenye saini. Barua kwa oditora ipelekwe leo, na familia ibaki na nakala iliyopigwa muhuri wa mapokezi.